Kujitolea na kutembea kwenye hifadhi za huku Kusini: begi baadaye, anza na barua

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Mtwara kaja home, "shikamoo kaka," kakaa, katoa bahasha ya kaki. Kamaliza chuo, hana kazi, anataka akajitolee miezi miwili msitu wa Rondo, kule Lindi. Barua imenyooka, Kiswahili safi, imechapwa stesheneri na kila kitu, ila kaiandikia TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, wakati Rondo sio yao. Nikacheka, afu nikaacha kucheka maana na mimi niliwahi kufanya hivohivo, barua yangu ikalala wiki 3 kwenye ofisi isiyohusika na nilishapakia begi kabisa. Sa nimeona niandike.

Hatua ya 1: Jua eneo ni la nani

Hapa ndo watu wengi tunapoteza muda. Sisi tukiona msitu na bango la kijani tunasema "hifadhi ya taifa", kumbe sio kila hifadhi ni hifadhi ya taifa, na kila aina ina wenyewe. Kwa huku kwetu iko hivi. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka pori la Selous mwaka 2019, hiyo ni TANAPA, na ukiwa Liwale uko jirani nayo. Sehemu ya Selous iliyobaki ni pori la akiba, na pori la akiba ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Lukwika-Lumesule na Msanjesi, upande wa Nanyumbu na Masasi, nazo ni mapori ya akiba kwahiyo TAWA tena. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia, hiyo ni TFS, watu wa misitu. Na ukishuka Msimbati ukaona bahari na mikoko, upo ndani ya hifadhi ya bahari, ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, na hapo sio TANAPA sio TAWA sio TFS, wana kitengo chao cha hifadhi za bahari na maeneo tengefu.

Na usidhani ni jina tu limebadilika, masharti nayo yanabadilika. Kwenye pori la akiba kuna maeneo ya uwindaji wa kitalii, huwezi kuingia na kijibegi chako eti unatembea. Nyerere kuna tembo na simba, kwa mguu huendi bila askari mwenye silaha. Rondo ndo pa kutembea haswa, na Hifadhi ya Taifa ukitaka yenye kutembea kwa miguu tu bila kuwaza gari basi jichange uende Udzungwa kule Morogoro, maporomoko ya Sanje yana mita 170 na ndani hamna barabara za gari, ila hiyo ni safari nyingine na nauli nyingine.

Kuna kitu kingine: ardhi ya kijiji. Hifadhi nyingi zimezungukwa na vijiji, njia inapita kijijini kabla ya getini. Pita kwa mtendaji au mwenyekiti ujitambulishe. Mgeni anayezunguka porini na kamera bila kujulikana ataulizwa maswali, na wana haki.

Hatua ya 2: Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Iende kwa mhifadhi wa eneo husika, sio makao makuu. Sema tarehe ya kuanza na kumaliza, unajua kufanya nini (kompyuta, kuogelea, kitalu cha miche, hata kupika), na andika wazi kuwa chakula na nauli utajigharamia, hicho kimstari kimoja kinafungua milango kuliko shahada. Bima ya afya, namba ya mtu wa kwenu, barua ya chuo au ya serikali ya mtaa. Afu usiitume ukakaa, ipeleke kwa mkono, ombi likigongwa muhuri wa kupokelewa ipige picha.

Hatua ya 3: Malipo

Kama unaenda kutembea tu utapewa kontrol namba, lipa ukiwa bado mjini mtandao upo. Beba kitambulisho cha taifa (NIDA) au hata namba yake, bei ya mtanzania sio ya mgeni.

Hatua ya 4: Viatu na nguo

Mi ni mtu wa mtumba, sibishani. Buti la mtumba lililovaliwa na mzungu miaka miwili limeshalainika, jipya la dukani litakutoa malengelenge kabla hujaumaliza mlima. Vaa wiki mbili kabla, nenda nalo hata sokoni. Soksi mbili.

Nguo za mabakamabaka ya jeshi ziache, kwa raia ni kosa kisheria, na porini unaweza ukafananishwa na jangili. Nyeusi na bluu iliyokoza zinaita mbung'o, vaa kaki. Mikono mirefu hata kama joto, kwasababu ya upupu. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Oktoba, ndo mizuri kutembea huku, lakini ndo miezi upupu umekauka na ukigusa tu umekwisha. Usijikune! Mi nabandika soletepu palipowasha na kubandua, mara nne tano, vinyweleo vinatoka, ndo nanawa.

Hatua ya 5: Msosi

Maji lita 3, korosho, ming'oko (vile viazi vya porini) ya kuchemsha. Usibebe kwenye rambo, ilipigwa marufuku Juni 2019, tafuta kikapu.

Hatua ya 6: Ukishafika

Fanya unachoambiwa. Ukipangiwa kupanda mikoko uliza bamvua, yale maji makubwa, ni lini, na usipande mkoko kila penye tope, penye michu na mililana, miti mingine ya hukohuko kwenye tope, paache, kila mti una kina chake cha maji. Ukipangiwa doria ya kasa usiku, kaa kimya na usimmulike akiwa anapanda kutoka majini, atageuza arudi baharini bila kutaga. Kiota kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 100, na yanakaa kama miezi miwili mchangani.

Rondo nako kuna komba wake, kadogo, gramu 60 hivi, anatoka usiku tu. Mwanga mweupe unamsumbua na yeye. Kwahiyo kwa kazi zote mbili nunua ile karatasi nyekundu ya kung'aa ya kufungia zawadi, kunja mara mbili, funga kwenye tochi kwa raba bendi, mwanga utoke mwekundu. Dogo kaandika barua upya kwenda TFS, kaipeleka mwenyewe Jumatatu, sa hivi anatafuta raba bendi.