Somo: Kupanda shamba la malisho ya kulungu kwenye ardhi ya kuwindia

Wengi huanza kwa kununua mfuko wa mbegu wenye picha ya dume la pembe kubwa. Mbegu ifikirie mwisho. Somo hili ni la anayewinda kulungu wa mkia mweupe kwenye ardhi yake huko Marekani, mwenye robo hekta ya kulima na vifaa vya kawaida.

Hatua ya 1: Mahali

Jiulize kwanza dungu, yaani jukwaa lako la kuvizia, litakaa wapi na wewe utalifikiaje. Angalia upepo wa msimu wa kuwinda unavuma kutoka wapi, kisha chagua kipande ambacho harufu yako haitapelekwa vichakani wanakolala kulungu. Njia yako ya kuingia na kutoka isikatishe shamba. Kulungu wakikushtukia mara mbili tatu, watakula usiku tu, na hapo umewalimia bure.

Umbo refu, jembamba na lenye kona linafaa kuliko uwanja wa mraba. Kulungu huogopa kusimama peupe mchana, ila hatua chache kutoka kichakani anathubutu. Hakikisha jua linafika angalau saa nne kwa siku.

Hatua ya 2: Udongo

Chota udongo sehemu kama kumi za shamba, kina cha sentimita 15, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki, kisha upeleke maabara. Klova, mmea mdogo wa malisho tutakaopanda, inataka pH (kipimo cha asidi ya udongo) kati ya 6 na 7. Ardhi ya msituni mara nyingi ina asidi, na bila chokaa ya kilimo mbolea yako nyingi itapotea. Chokaa huchukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo imwage mapema, hata msimu mmoja kabla. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua chokaa, mbegu ghali ziache dukani.

Hatua ya 3: Magugu

Fyeka, subiri yachipue upya, ndipo upige dawa au ulime. Fuata maelekezo ya kibandiko cha dawa.

Hatua ya 4: Kusia

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa anayeanza, kwa robo hekta: kilo 15 za oti au ngano na kilo 2 za klova nyeupe. Pandeni mwishoni mwa kiangazi, mvua ikikaribia. Nafaka huota haraka na kuwalisha msimu huohuo. Klova huchelewa, lakini ndiyo itakayobaki mwaka unaofuata.

Anza na nafaka, uifukie kwa haro (chombo chenye meno cha kulainisha udongo) kina cha sentimita 2 hadi 3. Kisha shindilia hadi kisigino cha buti kizame sentimita moja tu. Sasa ndipo umwage klova. Mbegu yake ni ndogo kama punje ya mchanga, na ikizama zaidi ya nusu sentimita nyingi hazitatokeza. Ichanganye na mchanga mkavu ili mkono usimwage nyingi mahali pamoja, pita mara mbili kwa kukatisha, kisha shindilia tena bila kufukia.

Hatua ya 5: Kizimba

Zungushia waya kipande cha upana wa mita moja katikati ya shamba. Majani ya ndani yakifika magotini na ya nje yakiwa vifundoni, mbegu zimeota vizuri, ila walaji ni wengi kuliko shamba.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, majani yangu yanaliwa lakini sioni kulungu. Nitajuaje ni wao?*

Chuchumaa utazame ncha za majani. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, hivyo huchana, na ncha inabaki na nyuzinyuzi. Sungura hukata safi, kwa mshazari, kama kwa kisu.

*Nimepanda tanipu na figili, wanazipita tu. Nizing'oe?*

Usizing'oe, ndugu. Jalidi, baridi ya kugandisha, ikishapiga, majani huongezeka utamu na mara nyingi ndipo wanaporudi. Pengine pia hawajawahi kuonja mimea hiyo, wape muda. Ila usirudie mimea hiyo ya jamii ya kabichi shamba hilohilo mwaka hadi mwaka, magonjwa ya mizizi yatakuandama.

*Si rahisi zaidi kumwaga mahindi chini ya dungu?*

Rahisi ndiyo, lakini sheria huyatenganisha mambo hayo mawili. Majimbo mengi hukataza au kubana uwindaji wa kutumia chambo, hasa penye ugonjwa wa kudhoofisha kulungu unaoitwa CWD, kwa kuwa kukusanyika kwenye rundo moja husaidia kuueneza. Shamba lililopandwa kwa kawaida huruhusiwa, lakini soma kanuni za jimbo lako za mwaka huu kabla hujapanda dunguni.

*Klova ya mwaka jana imezidiwa na magugu.*

Ifyeke udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, uache sentimita 10 hivi, kabla magugu hayajatoa mbegu. Wakati wa ukame usiiguse.