Namna ya Kuandika Maisha ya Mchezaji wa Futiboli ya Kimarekani kwa Msomaji wa Mwanza

Mwandishi anayetaka kuwaeleza watu wa Mwanza maisha ya mchezaji wa futiboli ya Kimarekani ana kazi ambayo mwandishi wa habari za Simba na Yanga haijui, kwa sababu wengi wa wasomaji wake hawajawahi kuuona mchezo wenyewe. Fainali kuu ya mwaka, Super Bowl, huanza kwetu kama saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati ambapo mabanda ya kuonyeshea mpira yamekwisha kufungwa na walio macho ni wavuvi wa dagaa walioko ziwani na taa zao. Usitegemee, basi, kwamba jina la Tom Brady, mmoja wa nyota wakubwa wa mchezo huo, litamtosha mtu wa Buzuruga au Igoma.

Ueleze mchezo katika aya moja tu, kisha uuache. Sema kwamba kila upande una wachezaji 11, kwamba mpira una umbo la yai na hubebwa mikononi au hurushwa, na kwamba timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10; ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni na huleta pointi sita. Zaidi ya hapo ni mzigo kwa msomaji, na sheria nyingine zitajieleza zenyewe ndani ya habari zitakapohitajika.

Katika kumchagua mtu wa kuanza naye, mimi humpendelea Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu nchini Nigeria. Usianze na tarehe yake ya kuzaliwa. Anza mwaka 1984, alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Azusa Pacific huko California, akisomeshwa kwa sababu ya kipaji chake cha kurusha kisahani na tufe, na nchi yake ikamwacha nje ya kikosi cha Olimpiki. Ni baada ya pigo hilo ndipo alipoingia kwenye futiboli, akiwa na umri wa miaka 23, umri ambao wenzake wa Kimarekani walikuwa wameucheza mchezo huo tangu utotoni. Mwaka 1987 timu ya Kansas City Chiefs ilimchukua katika uteuzi wa kila mwaka, ambamo timu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na mwaka 1989 aliongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira yadi 1,480. Mtu wa hapa aliyewahi kumwona kijana akiachwa kwenye timu ya mkoa ataielewa habari hii kabla hata hajajua mpira wenyewe unashikwaje.

Sasa tuje kwenye takwimu, ambako waandishi wengi huharibu. Siku moja, kwenye kijiwe kimoja karibu na Mwaloni Kirumba, nilikuwa nikijigamba kwamba Jim Brown wa Cleveland Browns alikimbia yadi 12,312 kati ya mwaka 1957 na 1965, nikidhani watu wataduwaa. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole, "Yadi hizi za vitenge, mwanangu?" Wengine walicheka, lakini swali lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa yadi ni ile ile ya dukani, pungufu kidogo ya mita moja. Tangu siku hiyo huwa nageuza jumla kuwa mwendo ambao watu wanaujua: yadi za Brown ni zaidi ya kilomita 11, yaani zinakaribiana na safari ya kutoka katikati ya jiji hadi kiwanja cha ndege, ila yeye aliukata mwendo huo vipande vipande huku watu wenye miili ya kutisha wakimrukia wamwangushe.

Kugeuza vipimo hakutoshi, kwani lazima pia ugawanye jumla kwa idadi ya mechi. O. J. Simpson alikimbia yadi 2,003 mwaka 1973, na Eric Dickerson akafikisha 2,105 mwaka 1984, na anayetazama juu juu atasema wa pili alimshinda wa kwanza. Hata hivyo Simpson alicheza mechi 14 na Dickerson 16, hivyo wastani wa Simpson ni yadi 143 kwa mechi na wa Dickerson haufiki 132. Tangu mwaka 2021 kila timu hucheza mechi 17 katika msimu wa kawaida, kwa hiyo rekodi ya leo isitajwe kamwe bila kutaja ilipatikana katika mechi ngapi.

Kuna pia wachezaji ambao takwimu haziwafikii. Mike Webster wa Pittsburgh Steelers alikuwa mtu wa katikati ya safu ya mbele, anayeurudisha mpira nyuma na kisha kuwazuia wapinzani kwa mwili wake, na hakuna yadi zinazohesabiwa kwa jina lake ingawa alitwaa Super Bowl mara nne. Habari yake iandike mpaka mwisho. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na kukosa makazi ya kudumu, na daktari aliyeuchunguza ubongo wake, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliukuta na uharibifu unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, akachapisha matokeo yake mwaka 2005. Anayeandika vikombe vinne na kuyaacha haya ameandika nusu ya mtu.

Kabla ya kuchapisha, msomee mtu asiyeujua mchezo. Mimi humsomea shangazi yangu wa Nyegezi, ambaye huuliza swali moja kila mara: "Alipoacha kucheza, alikula nini?" Kwa sababu yake sasa nina aya ya Alan Page, mlinzi wa Minnesota Vikings aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1971, akahitimu sheria mwaka 1978 akiwa bado anacheza, na kuanzia mwaka 1993 hadi 2015 akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota. Page alizaliwa Canton, Ohio, na ujanani alifanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa jumba la kumbukumbu la wachezaji mashuhuri mjini humo, jumba lile lile lililompokea yeye mwenyewe mwaka 1988. Shangazi alinitaka niirudie sehemu ya kibarua.