Kulinda vidole kwenye karakana ya mbao, na kumrudisha kazini fundi aliyeumia

Sisi mafundi seremala wa rika langu tukisalimiana kwa mkono, si ajabu kukuta kidole kimoja hakipo. Nimesimamia karakana za samani Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mwongozo huu ni kwa mwenye karakana ya watu watano, kumi, kumi na tano, asiye na ofisa usalama ila yeye mwenyewe.

Hatua ya 1: Anza na mashine, watu baadaye

Mabosi wengi wakisikia "usalama" hukimbilia kununua glovu na kofia ngumu. Sasa kofia ngumu kwenye karakana ya makochi inakinga nini? Glovu ndiyo mbaya zaidi. Mbele ya msumeno wa meza ni afadhali mkono mtupu, maana meno yakinasa kitambaa yanauvuta na mkono wenyewe.

Nenda kwenye msumeno ukiwa umezimwa na waya umechomolewa, kisha kagua haya:

- Kifuniko cha juu kipo? Kama kimetupwa chini ya meza, kirudishe leo.
- Lile bamba la chuma linalokaa nyuma ya meno lipo? Kazi yake ni kuzuia mbao isijibane ikarushwa kifuani kwa fundi. Wengi hulitoa wakidai linachelewesha kazi.
- Meno yametokeza kiasi gani? Juu ya mbao yanatosha kama milimita 5. Kadiri yanavyopanda, ndivyo nyama inavyokatika zaidi siku mkono ukiteleza.
- Swichi ya kuzimia inafikika kwa goti? Mikono yote miwili inakuwa imeshika mbao.
- Kuna kijiti cha kusukumia kipande kidogo? Chonga vitano, vining'inize pale pale, maana kikiwa mbali hakuna atakayekifuata.

Mfundishe kila kijana asimame pembeni kidogo, asiwe sawa na mstari wa msumeno. Vumbi nalo lina madhara yake, mpaka saratani ya pua. Nunua barakoa nzuri, na maranda yafagiliwe kila siku.

Hatua ya 2: Fungua daftari la "nusura"

Tundika daftari la shule ukutani, kalamu ifungwe kwa uzi. Kila nusura, yaani ajali iliyokaribia kutokea ikakosa, iandikwe: tarehe, saa, mashine, kilichotokea. Usimkate mtu mshahara kwa alichoandika, la sivyo daftari litabaki jeupe.

La kwetu lilinishangaza. Nilidhani nitakuta majina ya vijana wageni. Nikakuta saa: ukurasa baada ya ukurasa ni saa tisa, saa kumi alasiri, siku ya kukabidhi mzigo. Tangu hapo kupasua mbao ni asubuhi. Mchana ni gundi, msasa na vanishi. Mteja anayetaka kabati "leo leo" namwambia kesho.

Hatua ya 3: Akiumia

Zima mashine. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya kifua. Kidole kikikatika, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, kisha mfuko huo uweke kwenye maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu yenyewe, inakiharibu. Mtu na kidole chake waende hospitali pamoja.

Hatua ya 4: Karatasi

Kwa Tanzania Bara, mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara, na hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata shilingi. Toa taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na dai lisivuke miezi 12. Mfuko hugharamia matibabu, na asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Kama hujajisajili, wala hujaandikisha karakana yako OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, funga ukurasa huu ukafanye hayo kwanza.

Hatua ya 5: Mpigie simu wiki hiyo hiyo

Hapa ndipo tunapowapoteza. Kijana akikaa nyumbani wiki tatu bila simu, ameshajiona amefukuzwa. Mimi mwenyewe, nilipoumia ujanani kwenye karakana ya watu, niliwajua waliokuja kuniona na nikawajua waliokaa kimya.

Mmoja wetu alipokatwa kidole cha shahada, nilimpigia siku ya tatu.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Umelala?"

"Kidogo. Bosi, nafasi yangu keshapewa mtu?"

"Benchi lako lipo. Pona kwanza."

Na kisheria huwezi kumwachisha tu kwa sababu ameumia. Kanuni za ajira za mwaka 2007 zinakutaka uchunguze ukubwa wa jeraha, uzungumze naye, na umtafutie kazi nyingine inayomfaa kabla ya kufikia huko.

Hatua ya 6: Mpangie kazi, usimpe kazi ya huruma

Mwombe daktari aandike asichoruhusiwa: kunyanyua, kushika kwa nguvu, kulowesha jeraha. Kisha orodhesha kazi zote za karakana na ufute zinazogongana na karatasi hiyo. Kwetu zilibaki kupima, kuchora michoro ya kukatia, kupokea mbao na kuhesabu stoo. Fundi aliyebobea usimpe ufagio, utamvunja moyo kuliko msumeno ulivyofanya. Wiki ya kwanza saa nne kwa siku, kisha ongeza jeraha likiruhusu.

Woga wa mashine usiuharakishe, na wenzake wasimtanie. Kijana wetu alipewa ruhusa na daktari wiki ya sita, lakini hakuusogelea msumeno mpaka wiki ya tisa. Asubuhi hiyo nilimwona anauwasha, kisha anauzima. Akazungusha gurudumu la chini, akashusha meno yaliyokuwa yameachwa juu na mwenzake, akapima kwa mbao, ndipo akauwasha tena.