Kabla ya kulipia tuisheni, fanya kwanza mtihani mmoja wa zamani

Wewe wa kidato cha nne unayejiuliza uende tuisheni au ujisomee, usiamue kwa kufuata wenzako. Chukua mtihani wa Hisabati wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa mwaka wowote wa karibuni, kaa mezani saa tatu kamili, simu iwe chumba kingine, ufanye bila daftari. Ukimaliza, sahihisha kwa kalamu nyekundu, na pembeni ya kila swali ulilokosa andika neno moja: "sikuelewa", "nilisahau" au "muda".

Hesabu sasa. Kama "nilisahau" na "muda" ndizo nyingi, mwalimu wa kulipwa hatakusaidia sana; unachohitaji ni mazoezi, kila siku, peke yako. Wengi wetu tumekaa tuisheni tukinakili ubaoni jioni nzima, tukarudi nyumbani tumechoka na hatujakokotoa hata swali moja kwa mkono wetu.

Kama "sikuelewa" imejaa kwenye mada fulani, tuseme logarithimu au trigonometria, tafuta mwalimu wa mada hiyo tu. Mpelekee karatasi yako yenye wekundu, mwonyeshe mstari ulipokwama. Wiki mbili tatu za namna hiyo zinatosha mara nyingi, na mzazi hatalipia mada unazozijua tayari.

Halafu kuna hazina ambayo wengi hawaigusi: NECTA huweka kwenye tovuti yao uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure, ukionyesha swali kwa swali watu walikosea wapi. Usome kabla hujafungua pochi.