Somo: Kusoma nguvu ya tonado kwenye nyumba iliyobomoka

Kwanza tutenganishe majina, maana hapa Dar yanachanganywa. Hidaya ya Mei 2024 ilikuwa kimbunga cha baharini. Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka, kutoka wingu la radi hadi ardhini, na mara nyingi upana wake ni mita mia chache tu. Ni nadra ipite juu ya kifaa cha kupimia upepo, kwa hiyo kasi yake hukadiriwa kwa ilichobomoa.

Marekani hutumia kipimo cha EF (Enhanced Fujita, yaani Fujita kilichoboreshwa) tangu Februari 2007, kilichotokana na kile cha mtafiti wa tonado Tetsuya Fujita cha 1971. EF0 huanzia km 105 kwa saa, EF4 km 267, EF5 ni zaidi ya 322.

Hatua ya 1: Tambua ni kitu gani kimebomoka. Orodha ya EF ina vitu 28: nyumba, shule, nguzo za umeme, miti.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango cha uharibifu. Nyumba ya familia ina viwango 10. Sehemu kubwa ya paa imeondoka, kuta nyingi zimesimama: upepo wa kama km 196 kwa saa. Kuta zote chini: 274. Sakafu imebaki tupu: 322.

Hatua ya 3: Kagua maungio. Hapa ndipo wengi hukosea. Inama uangalie ukingo wa msingi. Bolti zilizopinda, nati bado zimebana vipande vya mbao, zinaonyesha nyumba ilifungwa ipasavyo. Ukikuta misumari mitupu, makadirio yashushe, hata hadi 266. Tazama pia vilivyo jirani na nyumba: vichaka vyenye majani kando ya sakafu tupu vinatia shaka.

MASWALI

Mkuu, nyumba ya tofali na bati huku Mbagala naisomaje?
Usitumie namba hizo, ni za nyumba za mbao za Kimarekani. Ila maungio yasome vilevile. Bati likichanika kuzunguka kichwa cha msumari, bati ndilo lililoshindwa. Likiruka pamoja na papi na kenchi, paa halikufungwa kwenye lenta.

Kwa nini tonado ya El Reno, Oklahoma, ya 2013 ni EF3, na rada ilisoma zaidi ya km 470?
Ilipita zaidi mashambani, na EF huhesabu uharibifu. Naona ndio udhaifu mkubwa wa kipimo hiki.

Joplin, Missouri, Mei 22, 2011, tonado ya EF5 iliua watu 158. Wangejificha wapi?
Chini ya ardhi. Pasipo na chumba cha chini ya ardhi, chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha, kichwa kimefunikwa. Mbao na vioo vinavyoruka huua sana.