Kukuza tishu ya pua ya ngamia ili kuchunguza kirusi cha MERS

MERS, ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na kirusi cha korona ambacho ngamia huambukiza binadamu, ilitambuliwa mwaka 2012 kwa mgonjwa wa Saudia, na mwaka uliofuata ikajulikana kuwa kirusi chake huingia kwenye seli kupitia protini ya DPP4 iliyo juu ya seli. Watafiti wengi huanza na seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili mwaka 1962. Hukua kwa urahisi, ila hazitengenezi interferoni, kinga ya mwanzo ya seli. Haziwezi kukueleza kwa nini ngamia hutoka kamasi tu ilhali binadamu hushikwa na nimonia.

1. Chukua sampuli puani. DPP4 ya ngamia ipo kwa wingi puani. Ya binadamu iko zaidi ndani kabisa ya mapafu. Machinjioni, kata utando wa pua wa ngamia wasiopungua watatu, kila mmoja na chupa yake.

2. Osha sana. Tumia lishe baridi (maji yenye virutubisho vya kukuzia seli) yenye antibayotiki pamoja na dawa ya fangasi. Niliwahi kuiruka hiyo ya fangasi. Siku ya tatu kila sahani ilikuwa na nyuzi nyeupe kama pamba, kazi yote nikaimwaga.

3. Tenganisha seli. Loweka kwenye kimeng'enya usiku kucha kwa nyuzi joto 4 za Selsiasi, kisha kwangua taratibu. Ukikwangua kwa nguvu utabeba fibroblasti, yaani seli za tishu ya chini, nazo zitakua na kuzifunika seli za utando wa pua unazozitaka.

4. Panda, kisha subiri. Zipande juu ya utando wenye vitundu vya mikromita 0.4 uliopakwa kolajeni. Zikishajaa na kushikana, ondoa lishe ya juu ili ziguse hewa kama zilivyokuwa puani. Lishe ya chini iwe na asidi ya retinoiki. Bila hiyo seli hulala bapa kama za ngozi. Inachukua wiki 3 hadi 4. Siku moja utachungulia kwenye darubini uone ute unazunguka polepole, silia, vinyweleo vidogo vya seli, zikipiga kwa pamoja. Kabla ya hapo, tafadhali usiweke kirusi.

5. Ambukiza. Osha ute kwanza. Kirusi hai ni cha maabara ya usalama daraja la 3 pekee. Kama huna, tumia kirusi bandia kisichozaliana chenye miiba ya MERS, yaani protini ambazo kirusi hutumia kushika seli. Kitakuonyesha kuingia tu, si kuzaliana.

6. Weka vilinganishi. Kimoja bila kirusi, kingine chenye kingamwili inayoziba DPP4. Hakikisha inaitambua ya ngamia, maana nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya binadamu.