Kuseti kabureta ya bodaboda: somo la skrubu ya mchanganyiko

Kila wiki naulizwa: "Fundi, pikipiki inakula mafuta, nibadilishe nini?" Mara nyingi hakuna cha kubadilisha, kabureta tu (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) haijasetiwa. Naandika hapa mara moja.

Kwanza safisha eya klina, kagua na mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa, seti haitashika.

1. Endesha dakika kumi, injini ipate moto.
2. Stendi kubwa, choki imezimwa.
3. Pandisha saileni kidogo, yaani mwendo wa injini ikiunguruma bila kuvutwa resi.
4. Zima injini, tafuta skrubu ya mchanganyiko. Tulia hapa. Ikiwa upande wa eya klina, inapima hewa: ukiikaza, mchanganyiko unazidi mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukiikaza, mafuta yanapungua. Ikaze ukihesabu mizunguko, uandike, na ikigusa tu, ACHA. Mimi niliikaza kama boliti. Ncha ikachimba kiti chake, saileni haikutulia tena, na mteja nikamnunulia kabureta nyingine kwa hela yangu. Tumia bisibisi ndogo, vidole viwili. Kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu.
5. Washa. Zungusha robo robo ukisikiliza: resi itapanda, halafu itaanza kushuka. Rudi pale ilipokuwa juu kabisa.
6. Shusha saileni. Piga resi ghafla. Ikisita, ongeza mafuta kidogo kwa skrubu hiyohiyo.

MASWALI

— Ya kwangu mizunguko mingapi?
Soma hatua ya 5. Mmoja na nusu ni pa kuanzia.

— Nimezibua jeti kwa waya wa breki, sasa moshi mweusi.
Jeti ni kitundu kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta, nawe umekipanua. Nunua jeti mpya. Jeti hupulizwa kwa upepo.

— Fundi wangu anasema skrubu hiyo haihusiani na ulaji wa mafuta.
Ukiwa resi kubwa, ana haki: hapo ni jeti kubwa, na resi ya katikati ni sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta. Lakini bodaboda inashinda ikiunguruma kwenye foleni na kuondoka kwa resi ndogo. Huko skrubu ndiyo inatawala.

— Mkuu, nimehamia Mbeya kutoka Dar. Pikipiki ileile imekuwa nzito na plagi nyeusi. Kwa nini?
Swali zuri sana. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ila jeti zako bado zinatoa mafuta ya Dar. Hayo masizi ni mafuta yaliyozidi. Rudia hatua ya 5 ukiwa hukohuko. Sindano ikiwa na vijino vya kushikia klipu, pandisha klipu kijino kimoja. Sindano itashuka na mafuta yatapungua. Ukirudi Dar rudisha klipu, usipofanya hivyo plagi itakuwa nyeupe na injini itachemka.

— Nyongeza: ukiiegesha wiki kadhaa, funga koki ya tangi la mafuta, iache iungurume mpaka izime. Petroli haitagandia kwenye jeti.
Kweli kabisa. Na masika legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, umwage maji.